Mhusika anapokataa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ujasiri wa kutetea haki katika fasihi yetu

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi, kwa walimu wenzangu, na kwa watu wanaojaribu kuandika hadithi zao za kwanza. Mengine huja kwa simu saa nne za usiku, mtihani ukiwa kesho asubuhi. Nimeyajibu kama ninavyoyaona mimi, na penye ubishi nimeuacha ubishi ulivyo.

Ujasiri wa kutetea haki una tofauti gani na ushujaa?

Ushujaa masikioni mwetu unakuja na ngao na mkuki. Shujaa ni wa vitani. Lakini mtu anaweza kuwa simba vitani, kisha akafyata mkia katika kikao cha mirathi mbele ya ami yake, huku akijua wazi kwamba dada zake wanadhulumiwa. Ujasiri tunaouzungumza hapa ni wa kikao hicho. Ni wa mtu anayesema au anayetenda lililo haki katika saa ambayo kunyamaza kungemfaa yeye zaidi.

Hauhitaji misuli. Hauhitaji hata sauti kubwa. Na tusiuchanganye na ujeuri wala kimbelembele: jeuri hutaka aonekane, mwenye kimbelembele hutaka asifiwe, na wote wawili ukiwaondolea watazamaji watarudi kwao kulala.

Nitautambuaje ninaposoma?

Tafuta mlango wa uani.

Nyumba nyingi za pwani zina mlango wa mbele, wenye baraza, na mlango wa uani unaotokea kichochoroni. Anayekuja kudai deni hubisha mbele. Mdaiwa hutoka kwa nyuma. Mwandishi hodari humjengea mhusika wake mlango wa namna hiyo: kauli ndogo ya kukubali, sahihi moja, ugonjwa wa kusingizia, safari ya ghafla. Halafu humwonyesha mhusika akiuona mlango, komeo limefunguliwa, na asipite.

Pasipo mlango hapana ujasiri. Mtu aliyekwishafungwa kamba, hana pa kwenda, akimtukana askari, tutamhurumia na pengine tutamshangilia, lakini hajachagua kitu. Nitarudi kwenye mlango huu mara nyingi hapa chini, kwa hiyo ushike.

Mbona methali zetu zinatufunza woga?

Aliyeniuliza hivi alikuwa kidato cha tatu, na siku ile sikuwa na jibu. Alikuwa ameziorodhesha nyuma ya daftari. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwenye nguvu mpishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikamtajia msema kweli mpenzi wa Mungu, naye akanijibu papo hapo: "Mpenzi wa Mungu, Mwalimu. Hawakusema mpenzi wa watu."

Nimelifikiria sana tangu hapo. Waliotuachia methali hizo waliishi chini ya masultani, chini ya Wajerumani na Waingereza, chini ya machifu wa kuteuliwa na manyapara wa mashamba. Walikuwa wamezika watoto waliosema kweli mapema mno. Methali ya woga ni sauti ya mama anayetaka mwanawe arudi jioni, na hakuna ubaya wowote katika kutaka hivyo.

Kinachonivutia ni kwamba waandishi wetu wanaandika kwa wasomaji ambao methali hizi zimo vichwani mwao tayari. Mhusika wa Kiswahili anapokataa, anamkataa mtawala na papo hapo anakataa ushauri wa nyumbani kwao. Anabeba mizigo miwili. Msomaji asiyejua methali hizo ataona mmoja tu.

Kwa nini kila mwalimu huanza na Kusadikika?

Kwa sababu ni fupi, na kwa sababu shauri lenyewe liko mahakamani, kwa hiyo hoja zote zimewekwa mezani. Shaaban Robert aliichapisha mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza, naye akiwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Fikiria: kosa ni kuwafundisha watu sheria! Ili kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ili walete mema ya huko. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alipata taabu, akarudi na mambo ya manufaa, na shukrani yake ikawa gereza.

Wanafunzi huandika kwamba Karama ndiye jasiri. Sawa, na alama watapewa. Mimi huwauliza kuhusu wajumbe. Wa kwanza alikwenda bila kujua litakalomfika. Unaweza kusema alikuwa na matumaini tu. Je, wa pili? Wa nne? Wa sita aliondoka akijua hesabu yote, kwamba watano wamemtangulia na malipo ya watano ni mamoja. Mlango wake wa uani ulikuwa mpana kuliko wa wote, maana hakuna ambaye angemlaumu kwa kusema "mimi hapana". Kitabu hakipigi ngoma juu ya jambo hili. Kinaendelea na safari tu, na ni juu yako kuhesabu.

Upungufu wake nao niutaje: mfalme anageuka kwa urahisi mno. Karama anasema, mfalme anasikia, wafungwa wanafunguliwa. Ningependa kumwona mfalme akikosa usingizi usiku mmoja, walau. Lakini kumbuka mwaka. Mwandishi yule alikuwa akiwaeleza wenye madaraka kwamba kusikiliza kunawezekana, na huwezi kumwambia mtu jambo linawezekana huku ukimwonyesha likishindikana.

Je, mtu anaweza kuwa jasiri kwa kushikilia jambo ambalo yeye mwenyewe ameanza kulitilia shaka?

Hili ndilo swali la Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na kwangu ni gumu kuliko yote yaliyo kwenye ukurasa huu.

Historia tunaijua. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ya dawa, watu wa kusini wakaungana, na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1905, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji vilivyoendelea hadi 1907. Hussein anaichukua habari hiyo na kuingiza usaha katika kidonda. Kinjeketile wake anazama majini, anatoka na neno, watu wanalipokea. Kisha anaambiwa kwamba miongoni mwa aliyoyasema ni kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anashituka. Watakombolewa kutoka kwa bwana mmoja ili wawe wa bwana mwingine? Anaanza kujiuliza neno lile lilikuwa lake au la nani. Anataka vita vingoje. Lakini neno likishamtoka mtu si lake tena, watu hawangoji.

Mwishoni yuko gerezani. Anatakiwa jambo moja dogo: aseme maji yalikuwa uongo. Hapo ndipo mlango wa uani ulipo, na ndipo ubishi unapoanza darasani kwangu kila mwaka. Nusu ya darasa husema: akiri! Risasi zimekwishapita katika vifua vya watu, maji hayakuwa kinga, kusema kweli ndiyo haki. Kitunda, rafiki yake, anamsihi vivyo hivyo, na Kitunda si mwoga. Ndiye aliyetilia shaka tangu awali kwa sababu alijua vita ni nini.

Kinjeketile anakataa. Sababu yake, kwa maneno yangu: akikana maji, adui atatangaza kwamba alichokana ni vita vyenyewe, na watoto wataambiwa baba zao walikufa kwa upuuzi. Kuna neno limezaliwa kati ya watu waliokuwa wametengana, na neno hilo ni kubwa kuliko maji.

Nimewahi kusahihisha insha mia moja na zaidi kuhusu mwisho huu. Zilizonichosha ni zile zinazosema "Kinjeketile ni shujaa" zikanyamaza. Iliyonikaa kichwani ni ya msichana aliyeandika kwamba Kinjeketile na Kitunda wote wawili wanatetea haki, mmoja haki ya waliokufa na mwingine haki ya watakaokufa kesho, na mwandishi hakutuambia nani amwachie mwenzake nafasi. Sina la kuongeza.

Sudi katika Kigogo: si angekula tu ile keki?

Waliosoma Kigogo cha Pauline Kea kilipokuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya wanaijua keki hii. Sagamoyo inajiandaa kusherehekea miaka sitini ya uhuru. Wachongaji watatu, Sudi, Boza na Kombe, wako karakanani. Kenga, mshauri wa kiongozi Majoka, anawaletea kipande cha keki ya uhuru. Wenzake wanakula. Sudi hali. Kwake hayo ni makombo.

Kijana mmoja wa nyuma kabisa darasani aliinua mkono: "Mwalimu, mimi ningekula." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Kwetu tuko wanane. Keki ni keki."

Ilinibidi nimheshimu, maana alikuwa ameuona mlango wa uani ulivyo, umepakwa sukari. Hakuna atakayekufa Sudi akila. Boza na Kombe wamekula na hawakugeuka mashetani. Ndiyo maana tukio hili ni zuri: mwandishi amechagua jambo dogo ambalo msomaji mwenye njaa angelifanya bila kufikiri, kisha amemweka mtu mmoja asiyelifanya. Anayekataa keki leo ndiye atakayekataa kesho kuchonga kinyago cha kumtukuza babu wa watawala, hata kwa malipo ya kuvimbisha mfuko. Kama mwandishi angeanza na kinyago, tungeona msimamo wa kisiasa. Alipoanza na keki tumeona tabia.

Lakini gharama anailipa mkewe. Huo ni ujasiri gani?

Swali la haki kabisa, na Kea hakulikimbia. Ashua, mke wa Sudi, amesoma lakini anahangaika na umaskini, watoto wana njaa. Anakwenda kwa Majoka kuomba msaada, anaishia kufungiwa, na kufungwa kwake kunageuzwa chambo cha kumvuta Sudi achonge. Sudi anapokwenda kumwona, Ashua anadai talaka. Amechoka kulala njaa kwa ajili ya msimamo wa mtu mwingine.

Mwandishi mwingine angemfanya Ashua msaliti, tumchukie, tusonge mbele. Hapa anaachwa na hoja yake mkononi. Ukisoma hadithi ya ujasiri ambamo mhusika mkuu hana mke, mume, mtoto, mzazi wala deni, ishuku. Ni rahisi mno kumfanya jasiri mtu ambaye hana wa kumlilia.

Wahusika wadogo nao wahesabiwe?

Wahesabiwe kwanza. Chukua Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913, ingawa habari zenyewe ni za zamani zaidi. Tunamkumbuka Liyongo: jitu, malenga, mpiga upinde, amefungwa pingu Pate anangoja kuuawa. Lakini anatokaje? Anatuma ujumbe kwa mama yake kwa njia ya shairi, na mama anaoka mkate wa wishwa ulioficha tupa ndani yake. Walinzi wana desturi ya kujilia vyakula vizuri na kumwachia mfungwa makapi. Wanaula mkate mzuri, wanamtupia ule wa wishwa. Usiku watu wanapiga ngoma nje, tupa inakereza, pingu zinakatika.

Sasa uliza: nani aliupitisha mkate ule mbele ya walinzi? Saada, kijakazi. Hakuna aliyemwimbia. Mtumwa, mwanamke, amebeba kikapu ambacho kikipekuliwa ni kichwa chake kitakachoanguka, wala si cha Liyongo, ambaye kichwa chake kilikwisha kuhukumiwa. Mlango wa uani kwake ulikuwa kuteleza tu njiani, kikapu kikamwagika, akarudi nyumbani akilia. Nani angejua?

Utenzi una haraka ya kurudi kwa shujaa wake. Sisi wasomaji hatuna haraka hiyo.

Wanawake wako wapi?

Wapo, na si kwa kutafutwa kwa kurunzi. Lanina katika Kilio cha Haki cha Alamin Mazrui, 1981, anawaongoza wafanyakazi dhidi ya mlowezi, na anapigwa vita shambani na nyumbani kwake pia, kwa sababu mwanamke anayeongoza mgomo huonekana ameliacha jiko. Tunu, mwanaharakati wa Kigogo, anavunjwa muundi wa mguu na bado anarudi mbele ya watu. Na wanafunzi wa Tanzania waliosoma Takadini katika somo la fasihi ya Kiingereza wanamjua Sekai, mama wa Kizimbabwe anayetoroka usiku na mtoto wake mwenye ualbino kwa sababu mila inataka mtoto huyo asiishi. Sekai hatoi hotuba hata moja. Anafunga mtoto mgongoni na kutembea.

Kwa nini msema kweli katika riwaya zetu mara nyingi ni kichaa au mlevi?

Kwa sababu kichaa ana ruhusa. Matuko Weye katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, mwanajeshi wa zamani ambaye watu wamemwita mwendawazimu, anapanda kusema hadharani yale ambayo umati mzima unayajua kuhusu Mtemi Nasaba Bora. Umati unacheka. Kicheko kile ndicho kibali chake, mpaka wenye nguvu wanapokifuta na kumkamata.

Mbinu hii ni tamu lakini ina hatari yake. Ukweli ukiachiwa vichaa, wenye akili timamu wanapata likizo. Ninapoona kichaa wa nne katika riwaya ya nne ninaanza kujiuliza kama ni mhusika aliyeogopa au ni mwandishi.

Na yule anayejua kila kitu lakini hasemi?

Mfano bora ninaoujua ni wa kutafsiriwa. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm ya George Orwell, mwaka 1967, na humo mna punda mzee. Anajua kusoma sawa na nguruwe, watawala wa shamba. Anaona amri ukutani zinabadilishwa. Hasemi. Siku farasi, rafiki yake wa pekee, anapobebwa, ndipo punda anapokimbia na kuwasomea wenzake maandishi ya ubavuni mwa gari: ni gari la mchinjaji. Lakini wamechelewa, gari linaondoka.

Punda huyu huniuma kuliko nguruwe wote. Hakudanganya, hakuiba, hakumpiga mtu. Alikuwa na ukweli, akaukalia hadi ulipomhusu yeye.

Ni lazima anayetetea haki ashinde?

La. Karama anashinda, Kinjeketile ananyongwa, Lanina anaishia jela, Sagamoyo inapumua lakini si kabla ya watu kufa. Ushindi ni uamuzi wa mpango wa hadithi. Usiutumie kumpima mtu.

Mwandishi mwenyewe naye anatakiwa awe jasiri?

Hatakiwi, lakini kwetu baadhi yao hawakuwa na hiari. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi?, akakaa miaka mitatu, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mazrui wa Kilio cha Haki naye aliwekwa kizuizini mwaka 1982.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alikisimulia mwenyewe. Riwaya yake Matigari ilitoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986. Watu wakawa wanazungumza vijijini habari za mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchi akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Habari zikawafikia wakubwa, amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakaenda, wakagundua kwamba Matigari ni mhusika wa kitabu. Wakakamata kitabu.

Katika mtihani nijibuje swali la "mhusika fulani ni jasiri, thibitisha"?

Usiandike "ni jasiri kwa sababu anapigania haki za wanyonge". Hiyo ni kurudia swali kwa maneno mengine, na msahihishaji ameisoma mara arobaini tangu asubuhi. Taja tukio. Taja alichoweza kufanya badala yake. Taja kilichomgharimu. Mfano: "Tunu ameumizwa mguu, na angeweza kubaki nyumbani bila kulaumiwa, badala yake anarudi kwa watu na kuongoza maandamano." Sentensi moja, na ina mlango wa uani ndani yake.

Ninaandika hadithi. Mhusika wangu jasiri anasikika kama mhubiri. Nifanyeje?

Mnyang'anye hotuba. Nitakuonyesha. Mtu mmoja aliniletea hadithi ya karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho, anayetakiwa kupunja kilo. Sitanukuu yake, hii nimeitunga kwa mfano ule. Kwanza namna mbovu:

Hamisi alisimama kwa ujasiri mkubwa. "Dhuluma haikubaliki! Mkulima ana haki ya jasho lake! Sitashiriki wizi huu hata mkiniua!" Wakulima wote wakamshangilia.

Sasa namna nyingine:

Gunia likatulia juu ya mizani. Sitini na moja. "Andika hamsini na nane," katibu alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. "Zina unyevu." Bibi mwenye gunia hakuwa akiangalia mizani. Alikuwa amefungua fundo la kanga, anatafuta kitambulisho. Namba hakuzijua, hata angeandikiwa hamsini angeshukuru. Hamisi alijaribu kalamu pembeni ya kitabu, haikutoa wino. Akaipuliza, akaisugua kiganjani. Akaandika 61, akachana stakabadhi. "Sitini na moja, bibi. Usiipoteze." Hakugeuka nyuma. "Linalofuata," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto.

Ona kilichobadilika. Hakuna anayeshangilia. Anayetendewa haki hajui kama alikuwa karibu kudhulumiwa, wala hatajua. Mlango uko wazi kabisa, maana bibi hasomi na sababu ya unyevu ni ya kawaida katika zao hilo. Katibu hatishi mtu, anaagiza chai. Na hofu haikutajwa kwa jina, imo kwenye kalamu na kwenye koo. Ukurasa unaofuata ndio utakaokuwa mgumu, kwa sababu katibu yuko palepale nyuma, na magunia bado ni mengi.

Jambo jingine: mpe mpinzani hoja nzuri. Katibu wako akiwa mnene, mlevi na mwizi wa kujulikana, kumkataa hakumgharimu Hamisi kitu. Mfanye awe ndiye aliyemtafutia Hamisi kazi, aliyemsaidia kumzika baba yake. Uone sasa kama kalamu itaandika.

Nianze na kitabu gani?

Anza na Kigogo, kinasomeka jioni mbili. Kisha Kusadikika; Kiswahili chake ni kizito kidogo, kwa hiyo soma sura moja, pumzika, usione haya kurudi nyuma. Kidagaa Kimemwozea ni cha likizo, ni kirefu. Kinjeketile usikisome peke yako kimya. Tafuta mwenzako mkisome kwa sauti, hasa kile kipande cha gerezani: mmoja awe Kinjeketile, mwingine awe Kitunda. Mkimaliza, badilishaneni.